Ulimi wa Bekari

Unga wa ngano hausomeki kwa macho. Gunia linaweza kupambwa kwa suke la rangi ya dhahabu na maneno matamu ubavuni, kumbe ndani mna unga dhaifu usioweza kubeba hata pumzi zake wenyewe. Waoka mikate wa kila mji wanalijua hilo, na kila bekari ina namna yake ya kulilazimisha gunia liseme kweli. Kuna wanaoosha donge chini ya bomba mpaka wanga wote uchuruzike, ubaki mpira mkononi. Kuna wanaooka mkate mmoja wa kujaribia na kuukodolea macho. Katika bekari moja iliyokuwa ubavuni mwa soko, kati ya kibanda cha fundi cherehani na duka la nyaya za umeme, unga ulipimwa kwa kinywa cha mwanamke.

Watu walimwita Ulimi. Fundi cherehani ndiye aliyembandika jina hilo, na siku alipolibuni alicheka mpaka akajichoma sindano, maana mwanamke mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache kuliko ukuta. Lakini jina likikupata limekupata. Gunia jipya lilipofunguliwa, kazi zote zilisimama. Ulimi alichota unga kwa ncha za vidole, akautia kinywani, akageukia ukutani kama mtu anayesikiliza habari ya mbali. Akatafuna. Wanga ulilainika, ukawa mtamu, ukayeyuka, na nyuma yake kikabaki kipande kidogo cha ulimbo kama chingamu. Kipande hicho ndicho nguvu yote ya ngano. Wenye elimu hukiita gluteni. Alikivuta kwa meno, akakibandika juu ya kaakaa, akakibandua, halafu akatoa hukumu.

"Huu mlevi. Uongezeeni maji."

Au: "Huu mvivu. Maji kidogo, ukandeni mpaka uombe radhi."

Kisha akatema kwenye kopo. Hakukosea. Mkate wa bekari ile ulikuwa mrefu, mwepesi, wenye ganda lililovunjika kwa sauti, na watu waliacha bekari zilizo mlangoni mwao wakaja kupanga foleni pale.

Ujuzi huo alipewa na Shangazi, mwenye bekari, dada wa baba yake, aliyemchukua baada ya mama yake kufariki na kumlea kati ya tanuri na meza ya kukandia. Ulimi alikuwa bado ana mapengo mbele Shangazi alipomtia unga kinywani kwa mara ya kwanza na kumwambia, "Usimeze. Sikiliza." Miaka ikapita, Shangazi akazeeka, meno yakamtoka moja baada ya jingine. "Yameondoka bila kuaga," alikuwa akisema, "kama wapangaji wabaya." Fizi haziwezi kuvuta ulimbo. Tangu hapo kinywa cha bekari kikawa kimoja tu.

Kitu kingine alichokirithi kwa Shangazi kilikuwa mahali pa kulala unapoumwa. Nyuma ya tanuri palikuwa na magunia yaliyopangwa yakiegemea ukuta wenye joto. Ulimi alipovunja ungo, maumivu yalimpiga akaanguka chini akijikunja kama mkia wa ng'e, na Shangazi akamwinua, akamlaza juu ya gunia la chini, tumbo likielekea ukutani.

"Ni chango la wanawake, mwanangu. Hata mimi nililala hapahapa. Nikaamka, nikakanda."

Maneno hayo aliyasema kila mwezi, kwa miaka, na ndani yake mlikuwa na fahari. Shangazi aliwahi kuolewa, akapoteza mimba, akapoteza na mume, akabaki na bekari. "Mungu alininyima tumbo akanipa tanuri," aliwaambia wateja, nao walicheka kwa sababu yeye alikuwa wa kwanza kucheka. Ulimi alijifunza kwamba kuumia si habari. Habari ni kuamka.

Aliolewa na dereva wa lori lililoleta unga. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye mabega yaliyokuwa meupe kwa vumbi la magunia. Alipokuja kuposa, fundi cherehani alimuuliza kama ameleta mahari au ameleta mzigo. Walipendana kweli. Lakini kitandani Ulimi aliumia, akauma meno, akanyamaza, na mume si jiwe. Alisikia huo unyamavu. Mimba iliingia, haikukaa. Ikaingia nyingine, nayo ikaondoka. Baada ya hapo mume akaanza kulala ukingoni mwa kitanda, kisha kwenye kochi, kisha kwa mwanamke mwingine upande wa pili wa mji, bila ugomvi, bila hata mlango kubamizwa. Kwa muda aliendelea kuleta unga. Alishusha magunia, akasalimia, akatazama chini. Halafu siku moja akaja dereva mwingine.

Ulimi aligunduliwa ugonjwa wake kwa sababu alianguka na sinia la mikate ya moto mbele ya wateja. Fundi cherehani alimbeba mpaka kwenye teksi, futi ya kupimia nguo ikiwa bado inaning'inia shingoni mwake. Hospitalini alipokewa na daktari mmoja, mwanamke mdogo kwa umri, mwenye tabia ya kuvuta kiti na kukaa kabla ya kusema. Walimpasua kwa tundu dogo karibu na kitovu, wakaingiza kamera, wakaona.

"Unaitwa endometriosis, dada," daktari alimwambia. "Utando unaofanana na ule wa ndani ya mfuko wa uzazi umeota nje yake, mahali pasipo pake. Kila mwezi nao unavimba na kuvuja damu, ila hauna mlango wa kutokea. Unabaki humo unachoma na kugandisha viungo pamoja. Ovari moja tumeshindwa kuiokoa."

Ulimi aliwaza donge lililosahauliwa nyuma ya meza, likaumuka gizani bila chombo. Alielewa vizuri. Alichotaka kujua kilikuwa kingine.

"Ni wa muda gani, daktari?"

"Miaka mingi. Pengine tangu ulipoanza kuingia mwezini."

"Na ningekuja mapema?"

Daktari alilaza kiganja juu ya faili, na hilo likawa jibu.

Alipewa vidonge, akapata nafuu, nafuu ikachoka. Maumivu yalirudi, safari hii yakiwa na wenzake: tumbo kujaa kama ngoma, kuharisha, uchovu wa mtu aliyetoka kubeba mawe. Siku moja, kwenye benchi la kliniki, mwalimu wa shule aliyekuwa na ugonjwa uleule alimwinamia sikioni.

"Shoga, mimi niliacha ngano. Sisemi nimepona. Ila yamepungua nusu."

"Ngano?"

"Ngano. Mkate, chapati, biskuti, vyote. Wewe unafanya kazi gani?"

Ulimi alitazama kucha zake, zilizokuwa na mstari mweupe ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa. "Mimi niko bekari," alisema, na wote wawili wakacheka, kicheko cha watu ambao kucheka kunawauma tumbo.

Aliacha mkate. Kwa Shangazi halikuwa jambo dogo. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, wao wawili walikaa kwenye mabenchi kando ya meza ya kukandia, wakaumega mkate wa kwanza, wakanywa chai. Siku Ulimi alipoleta kiazi kilichochemshwa, Shangazi alikitazama kama mgeni asiyepiga hodi.

"Hicho nini?"

"Kiazi, Shangazi."

"Nakiona. Nauliza kimekujaje mezani kwangu."

Ulimi akamweleza: ugonjwa, mwalimu, ngano. Shangazi alisikiliza akichovya mkate kwenye chai ili fizi ziuweze. "Ugonjwa wenye jina refu kama treni," alisema mwishowe, "na dawa yake iwe kunikimbia mimi. Ngano haina dhambi, mwanangu. Ngano ndiyo iliyokulea."

Dirishani, fundi cherehani aliyekuja kuchukua mkate wake alidakia: "Mwache, Mama Mkate! Kinyozi hajinyoi."

"Na wewe fundi ungejishonea ungeacha kuvaa suruali yenye kiraka. Chukua mkate wako nenda."

Mwezi wa kwanza tumbo lilishuka. Hedhi ilipokuja iliuma, lakini Ulimi alikaa juu ya gunia badala ya kulala, na kwake hiyo ilikuwa sikukuu. Hakumwambia mtu. Mwezi wa pili ukaja mbaya, wa tatu mbaya zaidi. Akarudi kwa daktari akiwa amekata tamaa, kama mtu aliyelipa nauli akashushwa njiani.

"Umeacha kabisa?" daktari aliuliza.

"Kabisa. Hata biskuti sijagusa."

"Na kazini?"

"Kazini napima tu unga. Natafuna, natema."

Daktari aliweka kalamu chini. "Unatafuna unga wa ngano?"

"Natema, daktari. Simezi."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka ulimbo utoke. Magunia yakiwa mengi, asubuhi yote." Aliona uso wa daktari, akarudia kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa, "Lakini natema."

Kwake, na kwa kila aliyelelewa katika bekari ile, kutema si kula. Lilikuwa jambo lisilohitaji kufikiriwa, kama vile mpishi anayeonja mchuzi hasemi amekwisha kula. Hakuwa amemdanganya mtu. Ni kwamba mdomo ule haukuwa wake. Ulikuwa chombo cha kazi, kama mizani, na nani huuliza mizani imeshiba?

"Mtu hawezi kutafuna asubuhi nzima asimeze mate yake," daktari alisema polepole. "Na lile vumbi mnalovuta humo ndani nalo linashuka tumboni. Dada, hukuwahi kuacha ngano. Na mimi nilipaswa kukuuliza zamani. Nataka nikupime ugonjwa mwingine, siliaki, ambao ni wa utumbo. Lakini kipimo hakisemi kweli ikiwa mtu hali ngano ya kutosha. Utarudi kula mkate kila siku, wiki kadhaa. Kisha tutachukua damu."

Hivyo Ulimi akarudi mezani. Asubuhi ya kwanza alipomega mkate, Shangazi aliuvuta kwake. Alimsukumia kipande kilicho bora, kile cha mwishoni chenye ganda pande tatu, ambacho tangu meno yamtoke alikuwa akikiangalia tu. Halafu akageuka kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Wiki zile zilikuwa za furaha kubwa kuliko zote katika uzee wa Shangazi. Aliimba. Alimtania dereva mpya wa lori. Aliwaambia wateja, "Ulimi wangu umerudi kinywani." Na Ulimi alikula, akatabasamu, akaenda nyuma ya tanuri kujikunja pale ambapo Shangazi asingemwona. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Hakuna aliyeona uzito wake. Alitamani kusema, "Nakula ili nipimwe," lakini kila alipofungua mdomo Shangazi alimsogezea kipande kingine.

Damu ikachukuliwa. Baadaye wakampitisha mpira wenye kamera kooni, wakakata vinyama vidogo kwenye utumbo. Majibu yalipotoka daktari alivuta kiti kama kawaida yake, na Ulimi akajua.

"Ni siliaki. Mwili wako unauona ule ulimbo wa ngano kama adui, na vita vinapiganwa ndani ya utumbo wako. Dawa yake ni moja: kuacha. Si mkate tu. Unga usiingie kinywani, na hewa ya bekari uiache. Nasikitika. Najua ndiyo kazi yako."

"Na yale mengine? Ya kila mwezi?"

"Hapo nataka niwe mkweli. Kuna tafiti zilizoona magonjwa haya mawili yakikutana kwa mwanamke mmoja mara nyingi kidogo kuliko unavyotarajia. Kuna wanawake wanaosema maumivu yalipungua walipoacha ngano, kama rafiki yako mwalimu. Wengine hawakuona tofauti yoyote. Ni majirani, dada. Kama ni ndugu wa damu, bado hatujui."

"Kwa hiyo naacha bekari kwa ajili ya labda."

"Kwa utumbo wako si labda, ni hakika. Kwa hayo mengine, ndiyo. Ni labda." Kisha, Ulimi akiwa amekwisha kusimama: "Siliaki hutembea katika ukoo. Ndugu zako wa damu nao wapimwe."

Ndugu wa damu aliyebaki alikuwa mmoja.

Alitembea kwa miguu kurudi. Njiani alipanga maneno vizuri: angeanza na siliaki, kisha kipimo, kisha kwamba daktari amesikitika. Angemwomba Shangazi waende pamoja. Alipofika, wateja wa mchana walikuwa wamekwisha, sakafu imefagiliwa, na Shangazi alikuwa amekaa juu ya gunia la chini, lile la ukutani, mikono mapajani. Ilionekana alikuwa akimsubiri.

"Kaa," alisema.

Ulimi alikaa.

"Fundi ameniambia ulikuwa hospitali. Sikuuliza, siri uliyompa ameiropoka mwenyewe. Ameniambia ulikuwa ukila mkate wangu kama dawa ya kupimiwa."

"Shangazi..."

"Ngoja. Nimekaa hapa nafikiri. Mimi si msomi lakini si mjinga." Alipapasa gunia alilokalia. "Hapa nililala kila mwezi tangu nilipokuwa msichana. Mimba zangu zote ziliharibikia hapa, siyo nyumbani. Nilikuwa natoka damu, nafuta, nakanda. Na kila siku ya Mungu unga ulikuwa mdomoni mwangu. Nilidhani ni chango. Nilidhani ndivyo tulivyoumbwa. Sasa nauliza. Ikiwa ni ngano, basi tumbo langu nililiua mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Halafu kaka yangu akanipa mtoto mmoja, mtoto wa watu asiye na mama, nikamchotea unga nikamtia kinywani." Sauti yake ilivunjika, akaikusanya. "Hukuwa na meno ya mbele. Nakumbuka ulipiga chafya. Niambie, mama. Ni ngano?"

Katika maisha yake yote Shangazi hakuwahi kumuuliza kitu ambacho hakuwa anakijua tayari. Mikono yake mapajani, iliyozoea kuangusha donge la uzito wa mtoto, ilikuwa imelala viganja juu. Ulimi aliyaacha maneno aliyoyapanga njiani. Aliona kwamba akisema ndiyo, au hata akisema labda, mwanamke huyu atayarudia maisha yake yote mwezi mmoja baada ya mwingine, tangu mwanzo, akiwa peke yake, na hakuna mwezi hata mmoja atakaoweza kuubadilisha.

"Si ngano," alisema.

"Vipimo vimesema?"

"Vimesema si ngano, Shangazi."

Mzee alifumba macho. Pumzi ndefu ilimtoka, kama hewa inavyotoka kwenye donge ukilipiga ngumi, na mabega yake yakashuka. Akacheka kidogo, akajifuta uso kwa ncha ya aproni, akabaki na unga kwenye kope. "Ona nilivyojitesa. Tangu asubuhi! Kikongwe mzima." Alimshika Ulimi mkono. "Basi. Kesho linakuja gunia la kinu kipya. Utuambie lina tabia gani."

"Kesho sitakuwepo."

"Kesho kutwa, basi."

"Sitakuwepo tena, Shangazi. Nimepata kazi. Pale kwenye duka la kufulia nguo, karibu na kituo cha polisi."

Alikuwa hajapata kazi yoyote. Aliliona duka hilo njiani, lina karatasi mlangoni inayosema wanatafuta mtu.

Shangazi alimwachia mkono. "Kufua?"

"Kufua na kupiga pasi."

"Kuna mtu amekukosea hapa?"

"Hapana."

"Unaumwa? Kama unaumwa, pumzika. Mwezi. Miwili."

"Siumwi. Nimechoka tu. Nimechoka na joto. Nimechoka na unga."

Alisema hivyo akitazama sakafu. Shangazi alikuwa akigeuka polepole kutoka kwenye nafuu aliyokuwa ameipata, akiutafuta mlango wa jambo hili asiuone.

"Umechoka," alirudia. "Mimi sijachoka, wewe umechoka."

"Nisamehe."

"Bora ungeniambia unaumwa," Shangazi alisema. "Ningelia, lakini ningekuelewa."

Ulimi alivua aproni, akaikunja. Hapakuwa na la kuongeza ambalo lisingevunja lile alilokwisha kulijenga.

Duka la kufulia lilimpokea. Kazi ilikuwa mvuke na shuka za hoteli, sabuni ikamla vidole, na ule mstari mweupe kwenye kucha ukatoka. Tumbo lilikaa sawa. Alinenepa kidogo, akapanda ngazi bila kusimama. Kuhusu hedhi, mwezi mmoja ilikuja nyepesi akathubutu kutumaini, mwezi uliofuata ikamlaza sakafuni kati ya vikapu vya nguo. Labda, daktari alisema, na labda ikawa ndiyo mwenzake wa nyumbani.

Habari za bekari zilimfikia kupitia kwa fundi cherehani, aliyeleta mashuka ya mteja wake kufuliwa. Mikate imekuwa migumu wiki hii, imelala kama ndala wiki ile. Shangazi amekataa kuajiri mtu. Anatafuna mwenyewe.

"Kwa fizi?"

"Kwa fizi. Anakaa na unga mdomoni mpaka chai inapoa. Halafu anasema hajausikia." Fundi hakutania. "Amekonda. Analalamika tumbo. Nikamwambia nenda hospitali, akaniambia nikashone. Na wewe, samahani nikuambie ukweli, uliondoka vibaya. Kila mtu anasema. Mtu anachokaje na mama yake?"

Analalamika tumbo. Neno hilo Ulimi alilala nalo, akaamka nalo. Ndugu zako wa damu nao wapimwe. Alikuwa amempa Shangazi uongo kama blanketi, na sasa aliona limemfunika mpaka pua.

Akaomba ruhusa, akaenda. Ilikuwa katikati ya mchana, foleni fupi. Alijifunga mtandio puani, akasimama kwenye foleni ya dirisha la kuuzia mpaka Shangazi akamwona. Uso wa mzee ulifunguka kabla hajauzuia. Akamwacha mteja na chenji yake mkononi, akasogea.

"Umerudi?"

"Nimekuja kukuambia kitu, Shangazi. Nilikudanganya."

"Kuhusu?"

"Kuhusu ngano. Vipimo vilisema ni ngano. Ile ya utumbo ni ngano kabisa. Ile nyingine hawajui, wanasema labda. Sikuondoka kwa kuchoka. Na wewe unatakiwa upimwe, maana ni damu moja. Fundi anasema tumbo linakusumbua. Twende wote, mimi nitakushika mkono. Ukiacha, utapona. Hujachelewa."

Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Ule uso uliofunguka ulifunga tena, si kwa hasira. Ulifunga kama duka linavyofungwa jioni na mtu anayejua kila komeo lilipo.

"Siku ile nilikuuliza," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuuliza nikiwa nimekaa, nimejiandaa. Ungenipiga siku ile ningeanguka, lakini nilikuwa nimekaa. Ukaniambia si ngano."

"Nilikuhurumia."

"Najua ulichofanya. Nimelichukua hilo neno lako la kwanza, nimelala nalo, nimeamka nalo. Mimba zangu nimeziaga upya kwa neno hilo. Na wewe nikakusamehe kwa hilo, kidogokidogo, nikasema basi, vijana huchoka." Alitikisa kichwa. "Usinitake nilirudishe. Sina nguvu ya kuanza upya."

"Shangazi, tumbo lako..."

"Tumbo langu ni chango. Ninalijua tangu hujazaliwa."

Wateja walikuwa wameanza kugeuza shingo. Mwanamke mmoja mwenye kikapu alimtambua Ulimi, akamnong'oneza mwenzake, wote wakamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Shangazi aliwaona. Akajinyoosha, akafuta meza kwa kiganja, akachukua karatasi ya kufungia kutoka kwenye rundo, na alipoinua macho tena hayakuwa macho ya mtu anayemjua.

"Nikupe mkate gani, dada?" aliuliza.

Ulimi alikaza mtandio puani. Kisha mtu wa nyuma yake akakohoa, naye akasogea pembeni kumpisha.